Sonona Ikikuondolea Hamu: Anza na Daftari, Usiusubiri Moyo

Kwa miezi 7 cherehani yangu ilikaa imefunikwa shuka. Vumbi halikuwa tatizo. Niliifunika ili nisiione. Mimi ambaye kwa miaka mingi nilikuwa nashinda kwenye hesabu za watu mchana na kukimbilia kushona jioni, sasa nilikuwa napita kando ya ile meza nikitazama upande wa pili, kama anayemkwepa mdai wake njiani.

Wakati huo nilikuwa tayari kwenye matibabu ya sonona. Usingizi ulikuwa umeanza kurudi, na kile kilio cha alfajiri kisicho na sababu kilikuwa kimekoma. Kilichobaki ni kitu ambacho ni vigumu kumweleza mtu: sikutaka chochote. Nikigusa kitambaa sikuhuzunika, wala sikufurahi. Kitambaa kilikuwa kitambaa tu, uzi ulikuwa uzi.

Dada yangu alikuja siku moja, akalifunua lile shuka, akaniambia, "Mdogo wangu, penye nia pana njia. Shona hata kitu kimoja." Nikamwitikia "sawa dada," akaondoka, nikalirudisha shuka. Siku ile sikuwa na nguvu za kubishana, lakini jibu ninalo sasa. Methali ile inaanza na nia, na ugonjwa huu huiba nia kabla ya kitu kingine chochote. Kwa hiyo haya ninayoyaandika ni kwa ajili ya mtu ambaye nia hana, na ambaye hana haja ya kuambiwa tena kwamba aitafute.

Kwanza daktari

Nitapita hapa haraka, lakini usiparuke. Kupoteza hamu si uvivu wala si tabia mbaya iliyoota ukubwani. Katika vigezo wanavyotumia madaktari, sonona ina dalili mbili kuu: huzuni, au kukosa hamu na raha katika karibu kila jambo, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi. Lazima mojawapo iwepo, pamoja na dalili nyingine kama za usingizi, uchovu au kushindwa kumakinika. Ukisoma vizuri utaona kwamba mtu anaweza kuwa na sonona bila kutoa chozi hata moja. Hilo lilinipita kwa muda mrefu. Nilidhani ni uchovu wa kufunga hesabu za mwaka.

Daktari pia atakupima damu. Upungufu wa damu, au tezi ya shingoni inayofanya kazi kwa ulegevu, huweza kumfanya mtu akose nguvu na hamu kwa namna inayofanana sana na sonona, na hapo hakuna daftari litakalosaidia kabla ya dawa sahihi.

Na kama unawaza kufa au kujidhuru, acha kusoma. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, au piga namba ya dharura ya nchi yako, au nenda moja kwa moja kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Mambo ya cherehani na madaftari yatasubiri.

Sifuri na kidogo sana si tarakimu moja

Kila Alhamisi nilikuwa nakwenda kwa mshauri nasaha, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, asiye na haraka. Siku moja aliniuliza, "Mara ya mwisho ulipooga maji ya moto, ulihisi nini?"

Nikamwambia, "Hakuna."

"Hakuna kabisa, au kidogo sana?"

Nikanyamaza. Mimi nimelelewa na vitabu vya hesabu. Katika kazi yangu, ukiandika sifuri mahali penye kitu kidogo, mizania haifungi na utakesha ukiitafuta hiyo tofauti. Nikakiri kwamba maji yalipopita mabegani palikuwa na kitu. Kidogo. Labda sekunde kumi.

"Basi tutaanzia hapo," akasema.

Alinieleza jambo ambalo Kiswahili chenyewe kimelitenganisha vizuri, ila sisi hatulitilii maanani: kuna hamu, na kuna raha. Hamu huja kabla. Ndiyo inayokusukuma uinuke kwenye kiti. Raha huja wakati unafanya. Watafiti wa ubongo, akiwemo Kent Berridge wa Marekani ambaye ameshughulika na suala hili tangu miaka ya 1980, wameonyesha kwamba vitu hivi viwili vina njia tofauti kichwani, na kwamba dopamini, ile kemikali inayotajwa sana kama kemikali ya raha, kazi yake kubwa iko upande wa hamu. Hali hii ya kukosa hamu na raha ina jina la kitaalamu, anhedonia, lililobuniwa na Mfaransa Théodule Ribot mwaka 1896. Jina moja kwa matatizo mawili. Pengine ndiyo maana tunachanganyikiwa.

Kwangu mimi hamu ilikuwa imekufa, lakini raha ilikuwa imezimia tu. Na nilikuwa nafanya kosa lile lile kila jioni: nakaa kwenye kiti, najiuliza "najisikia kushona?", jibu linakuja "hapana," basi naendelea kukaa. Nilikuwa naomba ruhusa kwa mgonjwa mahututi.

Njia aliyonifundisha ni kugeuza mpangilio. Unafanya kwanza, kwa kipimo kidogo mno, halafu unapima kilichotokea, na hamu unaiacha ije nyuma kwa wakati wake. Ina historia ndefu. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Peter Lewinsohn, aliona kwamba mwenye sonona hujitoa kwenye shughuli, kujitoa huko humkosesha mambo ya kumtia moyo, na kukosa huko humzamisha zaidi. Mwaka 1996 mwanasaikolojia mwingine, Neil Jacobson, na wenzake huko Seattle, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa wapatao 150: waliopewa sehemu hii ya matendo peke yake walipata nafuu sawa na waliopewa tiba kamili ya kurekebisha mawazo pamoja na matendo. Mwaka 2016 Waingereza wakaipima tena njia hii kwa watu 440, na wahudumu waliofundishwa njia hii pekee, ambao hawakuwa wataalamu waliobobea, hawakupitwa na wabobezi wa tiba ya mawazo. Naeleza takwimu hizi kwa sababu mimi nilizihitaji. Bila tarakimu nisingeinuka.

Wiki ya kwanza: andika tu, usibadili kitu

Chukua daftari. Simu inafaa kama huna njia nyingine, lakini mimi simu ilikuwa inanimeza: nafungua ili niandike, nainua kichwa baada ya saa nzima.

Chora safu nne. Ya kwanza ni saa. Ya pili ni ulichokifanya, hata kama ni "nimelala nikitazama dari." Ya tatu ni raha, kutoka 0 hadi 10. Ya nne ni kile mshauri wangu alichokiita "nimeweza": kiasi gani umehisi umetimiza jambo, pia kutoka 0 hadi 10. Hizi mbili zisichanganywe. Kulipa deni la maji hakuna raha, lakini kuna "nimeweza" ya 5 ikiwa umekuwa ukiliahirisha. Kukaa juani hakuna "nimeweza" yoyote, lakini huenda kuna raha ya 2.

Andika mara tatu nne kwa siku, usisubiri usiku. Usiku sonona ndiyo karani, nayo huandika sifuri kuanzia juu hadi chini ya ukurasa. Jumatatu ya kwanza nilijaribu kujaza siku nzima saa tatu za usiku, na ukurasa ule ninao bado: 0, 0, 0, 0, 1, 0. Jumanne nikajaza palepale kila jambo lilipotokea. Matendo karibu yale yale. Nikapata 2 mbili na 3 moja. Hapo ndipo nilipoanza kushuku kwamba mtoa taarifa wangu wa ndani si mwaminifu.

Wiki hiyo usijirekebishe. Utataka, hasa ukiona umeandika "kitandani" mara tano. Acha. Mkaguzi hafuti maandishi ya mwenye duka.

Baada ya siku saba, soma ukitafuta vitu viwili: saa ambazo tarakimu zilipanda hata kwa hatua moja, na vitu unavyovifanya sana bila kupata chochote. Kwangu mimi asubuhi ilikuwa jangwa, na kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri palikuwa na kamwanya. Tena niligundua kwamba kuperuzi picha za nguo zilizoshonwa na wengine, jambo nililodhani linanipumzisha, lilikuwa na 0 au 1 kila mara. Kila mara! Sikuacha siku ile, lakini angalau nilijua naweka fedha kwenye mfuko uliotoboka.

Bajeti na matumizi halisi

Hapa ndipo kazi yangu iliponifaa, na ndiyo sehemu ninayoiamini kuliko zote.

Wiki ya pili ongeza safu ya tano, uiweke kabla ya raha: makadirio. Kabla ya kufanya jambo, andika unadhani litakupa raha kiasi gani. Ukimaliza, andika lililopatikana. Kila mhasibu anaijua kazi hii: bajeti upande huu, halisi upande ule, na tofauti katikati.

Siku ya tatu niliandika: "Kutembea hadi mwisho wa barabara na kurudi. Makadirio 0. Halisi 2." Siku ya nne: "Kumpigia dada. Makadirio 1. Halisi 3." Siku ya tano: "Kupiga pasi mashati mawili. Makadirio 0. Halisi 1, nimeweza 4." Na ya sita: "Kulala tena baada ya kuamka. Makadirio 6. Halisi 1."

Sikulia wala sikushangilia. Niliona tu kwamba bajeti yangu ilikuwa mbovu upande mmoja: mambo ya kuinuka niliyakadiria chini, mambo ya kujilaza niliyakadiria juu. Kama ni mteja wangu, ningemwambia abadilishe mtu anayemwandalia bajeti. Tangu siku hiyo, sauti iliponiambia "haina maana, hutasikia chochote," sikuipinga wala sikuitii. Niliiandika kwenye safu ya makadirio. Huko ndiko mahali pake.

Nikuonye lakini. Kuna siku halisi ilikuwa sawa na makadirio, sifuri kwa sifuri, na kuna siku ilikuwa chini zaidi. Usipike hesabu. Daftari likianza kukuridhisha kwa uongo, siku mbaya ikija hutaliamini tena.

Punguza, halafu punguza tena

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa la wiki ya tatu. Nilikuwa nimepata 3 na 4 kadhaa, nikajiona nimepona, nikamwahidi mpwa wangu gauni la siku yake ya kuzaliwa. Siku kumi. Nilikata kitambaa usiku mmoja, nikakosea kwapa, nikakaa sakafuni katikati ya vipande nikihisi mikono si yangu. Gauni halikushonwa. Sikugusa hata daftari kwa wiki mbili, na cherehani ikarudi chini ya shuka.

Nilichojifunza ni kwamba kile ulichokipenda zaidi ndicho kigumu zaidi kuanza nacho, kwa sababu unakijia ukiwa na mizani mkononi. Kila mshono nilikuwa naulinganisha na mshono wa zamani, na raha ya sasa naipima kwa raha ya zamani. Kitu ambacho hukuwahi kukipenda sana hakina deni hilo. Ndiyo maana kutembea na kupiga pasi vilinibeba mwanzoni, wakati cherehani ilikuwa inanidai.

Kwa hiyo anza na mambo ya pembeni. Kisha ukirudi kwenye kipenzi chako, kikatekate hadi kiwe kidogo kiasi cha kuchekesha. Mimi nilirudi hivi. Siku ya kwanza, kuondoa shuka, kulikunja, basi. Siku ya pili, kufuta meza. Siku ya tatu, kutunga uzi kwenye sindano na kuuacha hapo. Ya nne sikufanya kitu. Ya tano, kukanyaga pedali dakika 2 kwenye kitambaa chakavu, mshono ulionyooka, bila lengo la kutengeneza chochote. Wiki iliyofuata niliingia kwenye kupinda pindo la kitambaa cha kufutia mikono. Foronya ya kwanza ilikuja karibu mwezi mmoja baada ya kuondoa shuka, na ilikuwa imepinda.

Kipimo changu cha ukubwa ni hiki: jiulize, "Hili naweza kulifanya hata siku niliyolala vibaya?" Kama jibu ni "labda," bado ni kubwa. Likate tena.

Na ukijiwekea dakika 5, ziwe 5 kweli. Watu husema "anza dakika tano, utajikuta umeendelea." Kuna siku utaendelea, ni kweli. Lakini ukiigeuza kuwa hila ya kujivuta hadi saa nzima, mwili utaitambua hila hiyo mara ya tatu, na mara ya nne hautainuka. Mimi nilikuwa natega saa, inalia, nasimama hata kama niko katikati ya mshono. Ilinishangaza kwamba kusimama katikati kuliniachia kitu cha kurudia kesho yake.

Panga kwa saa, usipange kwa moyo

"Nitatembea nikijisikia vizuri" si mpango. "Saa kumi alasiri, nikishavua viatu vya kazini na kuvaa vya kutembelea" ni mpango. Fungamanisha jambo jipya na jambo ambalo tayari hulifanya bila kufikiri, kisha liweke kwenye ule mwanya ulioonekana wiki ya kwanza. Nililazimisha asubuhi kwa siku nne kwa sababu niliwahi kuambiwa kwamba watu waliofanikiwa huamka mapema. Upuuzi. Asubuhi yangu ilikuwa 0, na kupanda mbegu kwenye sifuri ni kujitafutia sababu ya kuacha.

Mambo mawili kwa siku yanatosha. Moja lenye matumaini ya raha, moja la "nimeweza." Kuna wiki nilijaza yote ya wajibu: nikasafisha kabati, nikapanga mafaili, nikalipa madeni, nikafua mapazia. Safu ya "nimeweza" ikapaa hadi 7. Raha ikabaki 0 wiki nzima, na Jumapili nilikuwa hoi na mwenye hasira. Nyumba ilikuwa safi, hilo nakubali.

Mwili upo, akili imeondoka

Jambo hili linastahili umakini, maana usipoliona utasema njia yote haifai. Nilikuwa natembea, lakini kichwani nacheua: kwa nini nimekuwa hivi, nitakuwa hivi hadi lini, walionijua wananionaje. Dakika 20 za kutembea zilikuwa dakika 20 za kucheua nikiwa nimesimama badala ya kulala. Kwenye daftari, 0.

Sikufanikiwa kamwe kuyafukuza mawazo hayo, wala sikushauri ujaribu. Ukiyafukuza yanarudi na wenzake. Nilichofanya ni kuipa akili kazi ndogo ya mikono. Kwenye cherehani nilisikiliza mlio wa sindano ukibadilika inapofika penye tabaka mbili za kitambaa, halafu nne. Nikitembea, nilitafuta vitu vitatu vyenye rangi moja. Nikioga, nilifuata maji kutoka begani hadi kiganjani. Sekunde 30 hivi, akili inaondoka, unairudisha bila kuigombeza, inaondoka tena. Sekunde hizo chache ndizo zilizokuwa na raha, kama ipo. Ukiwa haupo nyumbani mgeni anapobisha hodi, usiseme hakuja.

Watu

Sonona hukuambia ujitenge hadi upone, kisha utoke ukiwa mzuri. Usiisikilize, lakini pia usijitupe kwenye mkusanyiko wa watu thelathini. Chagua mtu mmoja na umwambie anachotakiwa kufanya, maana watu wanaokupenda wasipopewa kazi hutoa methali.

Mimi nilimwandikia dada hivi: "Dada, Jumamosi saa kumi naomba uje ukae nami nusu saa wakati nashona. Usinisifu, usinishauri, wala usiniulize najisikiaje. Njoo na kazi yako ya mikono." Alikuja na nguo za kurekebisha vifungo. Hatukuzungumza zaidi ya kuombana mkasi. Makadirio 1, halisi 4, na hiyo 4 ilikuwa ya kwanza kwangu baada ya yale mambo ya gauni. Alipokuwa anaondoka akafungua mdomo, akaufunga, akacheka. Najua methali ilikuwa imemfika kwenye ncha ya ulimi.

Kama huna mtu wa kuja, kaa mahali ambapo watu wapo bila kulazimika kuongea nao, maktaba kwa mfano, au benchi la bustani. Andika tarakimu zake kama jambo lingine lolote.

Siku ambayo haiwezekani

Itakuja. Kwa ajili yake, andaa mapema, siku ukiwa na nafuu, orodha fupi ya vitu vitatu vidogo kuliko vyote, uiandike kwenye jalada la ndani la daftari. Yangu ilisomeka: fungua dirisha, nawa uso, gusa kitambaa cha pamba kilicho juu ya meza. Nikifanya kimoja, siku hiyo imehesabiwa. Nisipofanya hata kimoja, naandika tarehe na kupiga mstari, kesho yake naanza ukurasa mpya bila kufidia. Usilimbikize madeni ya jana. Siku mbili za kutembea kwa siku moja, kwa sababu jana hukutembea, ni adhabu, na hakuna anayerudiwa na hamu kwa kuadhibiwa.

Kuhusu dawa: kama umeandikiwa za sonona, nyingi huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi yake kamili, na mara nyingi usingizi na nguvu hutangulia, hamu huchelewa. Vilevile baadhi ya watu wanaotumia dawa hizi huhisi hisia zote zimefifia, za huzuni na za furaha pia. Ukihisi hivyo, mpelekee daktari daftari lako. Tarakimu zitamsaidia kupima kama ni dawa au ni ugonjwa, na anaweza kubadili kipimo au aina. Usiiache mwenyewe ghafla. Mimi niliacha kwa siku tano nikijiona mjanja, nikapata kizunguzungu na usingizi wa vipande vipande, nikarudi kwake kwa aibu. Hakunigombeza. Na ukifuata haya yote kwa wiki sita au nane bila safu yoyote kusogea, rudi kwa mtaalamu umwambie hivyo hivyo. Huenda tiba inahitaji kuongezwa, na hilo si ushahidi kwamba hukujitahidi.

Jinsi inavyorudi

Nilidhani hamu itarudi kama mgeni mwenye mizigo, nitasikia kishindo mlangoni. Haikuwa hivyo. Kwa muda mrefu sikuitambua, kwa sababu ilikuja ikiwa imevaa nguo za kero. Siku moja nilikasirika kwamba mkasi haukati vizuri. Siku nyingine nilijikuta naitazama shati ya mtu kwenye foleni nikijiuliza ile kola ameigeuzaje. Sikuyaandika, maana hayakuwa shughuli. Mshauri wangu ndiye aliyeniuliza, "Mkasi butu ulikuwa unakuudhi miezi mitatu iliyopita?" Nikafikiri. Haukuwa unaniudhi, kwa sababu sikuwa na cha kukata.

Kwa hiyo ongeza ukurasa nyuma ya daftari kwa ajili ya mambo madogo ya aina hiyo: kilichokuudhi, kilichokufanya ugeuze shingo, swali lililokujia bila kuitwa. Usiyape tarakimu.

Daftari bado ninalo, ingawa sasa silijazi kila siku, na tarakimu zangu si za zamani. 7 huja mara moja kwa mwezi, na kuna wiki za 2 tupu. Ingizo la Jumanne hii linasomeka: "Saa kumi na nusu. Mikono ya shati. Makadirio 2, halisi 5, nimeweza 5." Na kwenye ukurasa wa nyuma, tarehe hiyo hiyo: "Uzi wa bluu umeisha. Nimeudhika sana."